Lamara Gabunia wa Chiatura: Miaka Tisa Akilitafuta Taji la Sataranji

Bi Lamara Gabunia, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 katika mji wa Chiatura, binti wa pili kati ya mabinti watatu wa mzee Platon Gabunia na mama Pelagia. Alipozaliwa, baba yake alikuwa vitani, na walionana kwa mara ya kwanza mtoto akiwa na miaka miwili na nusu. Mama Pelagia alipenda kusimulia jinsi Lamara alivyomkagua yule mwanamume wa koti la jeshi kuanzia buti hadi kofia, kisha akaenda kujibanza nyuma ya pipa la unga na kukataa kutoka mpaka mgeni aondoke. Mgeni hakuondoka, na hatimaye njaa ndiyo iliyowapatanisha.

Mzee Platon alipata kazi katika kituo cha magari ya kamba yaliyowapandisha wachimbaji mlimani kwenye machimbo ya manganizi. Wachimbaji waliosubiri zamu walicheza sataranji kwenye benchi la kituo, na Lamara, aliyetumwa kupeleka mkate wa mahindi na maharage ya baba yake, alikuwa akifika haondoki. Akiwa na miaka minane alimwambia mchimbaji mmoja, mzee Varlam, kwamba mfalme wake angekufa baada ya hatua tatu.

"Wewe nenda kamsuke mwanasesere wako," mzee Varlam alimjibu.

Mfalme alikufa baada ya hatua tatu. Wachimbaji wakampa Lamara jina la Hatua Tatu, na mzee Varlam, ambaye hakuwa mtu wa kukubali kushindwa, akaeneza habari kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Marehemu alisoma Shule ya Pili ya Chiatura kuanzia mwaka 1950. Kuanzia mwaka 1955 alikuwa akisafiri kwa treni kila Jumamosi hadi Kutaisi kwa mwalimu wa sataranji Akaki Lomtadze, mtu mkali aliyewapokonya wanafunzi wake saa za mkononi ili wajifunze kuhisi dakika zikipita. Mwaka 1960 alijiunga na chuo kikuu mjini Tbilisi kusomea hisabati, akahitimu Juni 1965. Septemba mwaka huohuo alianza kufundisha hesabu katika shule moja ya mtaa wa Didube, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita. Wanafunzi wake wengi hawakujua kwamba mwalimu wao alikuwa miongoni mwa wanawake kumi bora wa mchezo huo duniani. Hakuwaambia. Alisema wangeanza kumuuliza habari za sataranji ili kukwepa zoezi.

Tarehe 12 Oktoba 1968 alifunga ndoa na Ambrosi Chelidze, mhandisi wa madaraja. Katika sanduku la bibi harusi, pamoja na mashuka na mito, mama Pelagia alitia ubao wa sataranji, kama ilivyo ada yetu. Mama mkwe aliutoa, akaupangusa vumbi na kuuweka juu ya kabati, akidhani ni pambo. Walijaliwa mtoto mmoja, Nestan, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1970. Ambrosi alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Alizoea kuwaambia wenzake kazini kwamba ana mke kwa miaka miwili, na mwaka wa tatu humkopesha kwa dunia.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kila baada ya miaka mitatu ngazi ya kuelekea ubingwa wa dunia ilisimamishwa upya, na kila mtu alianzia chini. Kwanza ilikuwa kushinda Georgia, jambo ambalo kwa wanawake wa wakati ule lilikuwa gumu kuliko kushinda nchi nzima za watu wengine. Kisha mashindano ya Umoja wa Kisovieti. Waliofanya vizuri huko walikwenda kwenye mashindano ya kanda zote za dunia, na watatu wa kwanza wakaingia katika kundi la wagombea, ambapo wawili wawili walikabiliana mpaka akabaki mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyepata haki ya kuketi mbele ya bingwa. Aliyeanguka popote alirudi kwenye ubao wa wilaya, akicheza na wasichana waliomwita shangazi.

Mara ya kwanza, vuli ya mwaka 1970, Lamara alicheza mashindano ya Umoja huku akinyonyesha. Mama mkwe alimleta Nestan kwenye korido ya ukumbi, na mtoto alipolia mama aliinuka na kwenda kumnyonyesha, saa yake ikiendelea kutembea. Walihitajika wanne. Alimaliza wa sita.

Mara ya pili alipanda hadi mashindano ya kanda, Septemba 1973, nje ya nchi. Zikiwa zimebaki raundi nne, mzee Platon alifariki ghafla hapa Chiatura. Familia ilituma simu ya maandishi siku hiyohiyo. Kiongozi wa msafara aliipokea, akaikunja na kuiweka mfukoni kwa siku sita, kwa maelezo kwamba mchezaji asisumbuliwe. Lamara alipewa baada ya mchezo wa mwisho, akiwa bado ameshika kalamu. Alikuwa amekosa nafasi ya tatu kwa nusu pointi. Alipofika nyumbani baba alikwisha zikwa. Alikaa jikoni kwa mama yake wiki mbili, akichambua maharage, na kusema hataki tena kuona ubao.

Mama Pelagia alivumilia, kisha akachoka.

"Mwanangu, baba yako alikufa redio ikiwa sikioni, anasubiri matokeo yako," alimwambia. "Sikukuzaa uje unichambulie maharage. Mikono ninayo."

Lamara akarudi Tbilisi. Lakini waliomfahamu wanasema tangu siku hiyo alicheza kama mtu anayemaliza kazi aliyoahidi, wala si kama mtu anayecheza.

Mara ya tatu ndiyo aliyofika mbali zaidi. Mwaka 1976 alishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kanda. Machi 1977 alimshinda mgombea wa Leningrad katika michezo kumi. Ikabaki fainali ya wagombea, michezo kumi na miwili, mjini Borjomi, Oktoba 1977. Mpinzani wake alikuwa Eteri Shubladze wa Kutaisi, aliyekua naye kwa mwalimu Lomtadze, wakipanda treni moja na kugawana mkate mmoja. Kwa mwezi mzima walikaa hoteli moja, wakisalimiana asubuhi kwenye ngazi, wasiongeze neno. Baada ya michezo kumi na mmoja walikuwa sawa kwa sawa.

Mchezo wa mwisho ulichukua muda wa saa tano bila kwisha. Enzi hizo mchezo wa namna hiyo uliahirishwa hadi kesho yake. Mwenye zamu aliandika hatua yake kwa siri kwenye karatasi, akaitia ndani ya bahasha, na msimamizi akaipiga lakiri. Zamu ilikuwa ya Lamara, na hali yake ubaoni ilikuwa nzuri mno. Mwalimu Lomtadze, aliyewafundisha wote wawili na kukataa kumsaidia yeyote kati yao, alitoka ukumbini akitembea upesi ili uso wake usije ukasema kitu.

Asubuhi msimamizi, Mbulgaria mmoja mwenye mvi, alifungua bahasha mbele yao. Aliisoma karatasi, akautazama ubao, akaisoma tena. Lamara alikuwa ameandika kwamba ngome inakwenda kwenye mraba fulani wa safu ya kwanza. Alikuwa na ngome mbili, na zote mbili ziliweza kufika hapo. Hakuandika ni ipi. Kwa sheria, hatua isiyoeleweka ni mchezo uliopotea.

Eteri ndiye aliyezungumza kwanza. "Sote tunajua ni ngome gani. Hata mfagiaji wa ukumbi huu anajua."

"Mimi pia najua, bibi," msimamizi alisema. "Lakini karatasi haijui."

Lamara aliomba aione karatasi. Akaiangalia, akaikunja vizuri na kuirudisha. Watu wa shirikisho walimtaka akate rufaa, na mwalimu Lomtadze akamsihi kwenye korido kwa sauti ya mzazi. Alimjibu, "Mwalimu, mwandiko ni wangu. Nimlalamikie nani?" Kisha akaenda kufunga sanduku lake. Maisha yake yote alipoulizwa ilikuwaje, mtu wa hesabu kama yeye, alijibu kwamba alichoka, na kwamba uchovu ni kitu cha kawaida, hauhitaji maelezo.

Familia inajua kwamba majira ya baridi yale yalikuwa mabaya. Alifundisha, alipika, alitembea, lakini Ambrosi aliuondoa ubao juu ya kabati bila kuambiwa. Mwezi Februari 1978 Eteri alipiga simu. Alikuwa akijiandaa kukutana na bingwa wa dunia mwezi Septemba na alihitaji msaidizi: mtu wa kuchambua naye michezo ya mpinzani, kumtafutia njia katika michezo iliyoahirishwa, kuketi naye.

"Shoga, unajua ninachotaka kukuomba," alisema.

"Najua. Una roho ngumu."

"Sina mwingine anayezijua hofu zangu."

Lamara alitazama kalenda ya ukutani. Kisha akasema, "Nitakuja Jumatatu. Ila uji wako sili."

Alifanya kazi hiyo miezi saba. Wakati wa pambano, Eteri akilala mchana, Lamara alikaa mbele ya ubao na chupa ya chai, akiipitia michezo iliyoahirishwa hatua kwa hatua. Michezo miwili ambayo kila mtu aliihesabu kuwa imepotea iliokolewa kwa njia alizozipata yeye. Jina lake halikuandikwa gazetini hata mara moja. Eteri alishindwa kwa pointi nane na nusu dhidi ya saba na nusu. Jioni ya siku ile walikuwa jikoni kwa Lamara, mmoja anaosha vyombo, mwingine anafuta.

"Ungekuwa wewe, ungemshinda," Eteri alisema.

"Ningekuwa mimi, ningeandika 'ngome' na kwenda zangu kulala."

Nestan, aliyekuwa na miaka minane, anakumbuka kwamba walicheka mpaka sahani ikavunjika, kisha Eteri akalia, na mama yake akaendelea kufuta vyombo kando yake bila kumwambia anyamaze.

Hakupanda ngazi tena. Aliendelea na shule, na alasiri alifundisha sataranji wasichana wa mtaa. Katika miaka ya tisini, umeme na joto vilipokosekana Tbilisi, walicheza wakiwa na makoti na glovu, na kanuni ya kwamba ukigusa kete lazima uisogeze iliahirishwa mpaka masika. Mume wake Ambrosi alifariki tarehe 20 Januari 1994 kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 2001 marehemu alistaafu na kurudi Chiatura kumtunza mama Pelagia, aliyefariki miaka miwili baadaye. Hapa alianzisha darasa kwenye chumba cha juu cha maktaba. Mwanafunzi wake Tamta Bregadze, aliyeketi nasi mbele hapa, alifika hadi mashindano ya mtoano ya kugombea ubingwa wa dunia mwaka 2012, akatolewa kwa michezo ya haraka. Bi Lamara alimpokea uwanja wa ndege. Alimwambia kwamba wao walitolewa kwa miaka mitatu, na watoto wa leo wanatolewa kwa dakika tano. Maumivu ni yaleyale, ila nauli ni ndogo.

Mwaka 2016 mikono yake ilianza kutetemeka, na daktari mjini Kutaisi akathibitisha kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Kila aliponyoosha mkono, kete zilianguka. Alifundisha kwa kusema tu, mpaka mwaka 2019 aliposhindwa kupanda ngazi za maktaba. Mei 2021 alipata kiharusi, na tangu hapo hakutoka kitandani. Nestan alimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru wauguzi na majirani wote.

Kila Alhamisi Bi Eteri, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alikuja kwa basi kutoka Kutaisi. Aliupanga ubao kwenye meza ya kitanda na kusogeza kete za pande zote mbili, Lamara akizitaja zake kwa sauti. Anano, mjukuu wa Lamara, alikuwepo Alhamisi ya mwisho, tarehe 10 Februari. Mchezo ulikuwa umefika katikati. Lamara akasema, "Eteri, tufanye sare."

Bi Eteri aliutazama ubao. "Nimekuzidi askari wawili."

"Nimewaona. Sitaki kuendelea."

Bi Eteri akanyoosha mkono, akaushika ule unaotetemeka. "Haya. Sare."

Bi Lamara Gabunia alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 14 Februari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ameacha binti mmoja, Nestan, mkwe, Revaz, wajukuu wawili, Anano na Ilia, na dada mdogo, Tsiala. Ameacha pia wanafunzi wasiohesabika. Na ameacha Bi Eteri Shubladze, ambaye si ndugu wa damu wala wa ndoa. Tumemweka hapa kwa sababu hakuna orodha nyingine inayomfaa.

Kazi yake ameimaliza. Ee Mungu, mpe pumziko, na usimwamshe mapema.