Fundi wa Sare na Mwanawe Asiyetakiwa Shuleni

Ndugu waombolezaji, ukurasa wa tatu wa ratiba mliyoishika una picha ya marehemu peke yake, bila maneno. Maneno yalikuwepo. Kamati ya mazishi iliyasoma, ikasema yana ukali usiofaa msibani, ikaniomba niyalainishe. Sikuyalainisha, kwa hiyo nayasoma mwenyewe. Mimi ni wifi yake, dada wa mumewe, na najua yanayosemwa kuhusu mawifi. Leo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1979, katika nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa baba mpiga chapa na mama muuza maziwa. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alishika mkasi kabla hajajua kushika kijiko, na kwamba akiwa na miaka mitatu alikata pindo la pazia la sebuleni. Alichapwa, lakini pindo lilikuwa limenyooka, na pazia likaachwa vilevile.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, ng'ambo ya barabara kutoka kiwandani, akamaliza kidato cha nne katika sekondari ya kutwa mwaka 1997. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 1998 alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu miaka miwili baadaye. Februari 2001 alifungua chumba chake cha kazi kando ya stendi, akiwa na cherehani moja ya kukanyaga na kioo alichoazima.

Alishona sare za shule. Wengi mliokaa hapa, na watoto wenu, mmepita mikononi mwake. Akimpima mtoto mnene mbele ya wenzake, alitaja namba ndogo kwa sauti, kisha akaandika ile kubwa kimyakimya. Sketi haikuwahi kumbana mtoto yule, wala hakuna aliyemcheka. Kwa hilo tu, marehemu alikuwa mwalimu kuliko baadhi ya wenye shule nitakaowataja, ambao wameleta maua leo. Maua ni mazuri. Yawekeni pale.

Tarehe 6 Desemba 2008 aliolewa na mdogo wangu, fundi wa simu. Agosti 2011 walipata mtoto wao wa pekee, binti. Mtoto alichelewa kusema, ila alivuma wimbo wake puani kutwa nzima, kwa hiyo mama yake akamwita Chiriku. Alipofika miaka minne, daktari wa watoto alisema ana usonji. Alieleza taratibu, na mimi nilikuwepo: kwamba Chiriku anaipokea dunia kwa namna yake, kwamba kelele, nguo inayokwaruza na mabadiliko ya ghafla vinamtesa, na kwamba atajifunza vizuri akipata mwalimu anayejua kazi hiyo. Marehemu alishika lile neno la mwisho. Mdogo wangu alishika mlango. Mwaka 2015 aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, akayapata mtaa wa pili, ambako anaishi mpaka leo. Yupo pale mbele, amevaa suti.

Sasa nifike kwenye shule, maana huko ndiko marehemu alikomalizia nguvu zake.

Ya kwanza, mwaka 2017, ni ile yenye upinde wa mvua getini na maandishi makubwa kwamba kila mtoto ni wa thamani. Chiriku alikuwa hawezi kuvumilia mshono unaogusa ngozi, kwa hiyo mama yake alimshonea sare yenye mishono kwa nje, safi kabisa, vifungo mahali pake. Wiki ya pili mtoto akarudishwa. Mkurugenzi alimwita marehemu ofisini.

"Mama, mtoto anavaa sare nje ndani. Anachafua sura ya shule."

"Hajaigeuza. Nimeishona hivyo. Mshono unamuumiza."

"Utaratibu ni utaratibu. Nikimruhusu yeye, kesho wote watavaa hivyo."

Mkurugenzi huyo aliogopa shule nzima isije ikaugua ugonjwa wa mishono. Marehemu ndiye aliyekuwa akiwashonea watoto wote wa shule ile, na baada ya hapo aliendelea kuwashonea, kwa sababu kodi ya chumba haingoji mtu apoe hasira.

Ya pili ilimpokea Chiriku kwa tabasamu na kupokea ada kwa tabasamu pana zaidi. Mwalimu mkuu alisema wana mpango maalumu. Muhula ulipofika katikati, marehemu aliona jambo nyumbani: kila pikipiki ikipita dirishani, Chiriku anasimama wima na kupiga saluti. Akaenda shuleni bila kutoa taarifa. Akamkuta mwanawe kwenye kibanda cha mlinzi, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na huo ndio uliokuwa mpango maalumu. Darasani alikuwa hajaingia tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa anavuma puani na wenzake wanacheka. Mlinzi alikuwa mtu mwema, alimgawia chai yake na kumfundisha alichokijua, yaani kufungua geti na kupiga saluti. Katika shule ile nzima, mlinzi ndiye pekee aliyefundisha kitu. Mwalimu mkuu alipoulizwa alijibu kwamba mtoto alionekana ana furaha pale. Mtu huyu ana cheti ukutani, nimekiona, kina fremu ya dhahabu.

Ya tatu inaniuma kuisema, kwa sababu ilikuwa nzuri kweli. Madarasa ya watoto sita sita, vyumba tulivu, walimu waliosomea usonji. Chiriku aliingia, akakaa, akapanga vibao vya rangi, hakutaka kutoka. Marehemu aliniambia kwamba pale ndipo alipoona kwa macho yake kuwa mwanawe anafundishika. Kisha akapelekwa kwa karani, akatajiwa ada, na ada ilikuwa inatajwa kwa fedha za kigeni.

"Hakuna punguzo?" akauliza.

"Lipo, mama. Kwa mtoto wa pili."

"Sina wa pili."

"Basi ukimpata, karibu sana."

Alilia getini, na hakuwa mtu wa kulia. Karani yule wala hakumtukana. Alisema tu alichofundishwa kusema, na waliomfundisha walikuwa wameshajua ni nani wanayemtaka aingie na ni nani abaki nje akipiga picha jengo.

Na sisi ndugu tulikuwa wapi? Tulikuwa na ushauri, na ushauri hauna ada. Mmoja alisema mtoto anahitaji kuchapwa. Mwingine alisema ataacha akikua. Kaka yetu mkubwa, ambaye ukoo unamwita Baba Mkubwa na anaitika, alisema kwenye kikao: "Mtoto wa hivyo shule ya nini? Atakuwa rubani?" Watu wakacheka. Marehemu alimjibu kwa adabu, "Kwani shemeji, wewe uliposoma ulikuwa rubani?" Watu wakacheka zaidi, isipokuwa mmoja.

Mwanzoni mwa 2021 alikwenda shule ya serikali iliyo jirani na chumba chake cha kazi. Mwalimu mkuu wa pale alimwambia hawana kitengo cha elimu maalumu. Hiyo ilikuwa kweli. Ambalo hakulisema ni kwamba alikuwa na mwalimu aliyesomeshwa na serikali kwa ajili ya watoto kama Chiriku, akamweka kufundisha Jiografia na kusimamia mpira. Kitengo hakipo kwa kuwa hakuna chumba, na chumba hakipo kwa kuwa stoo imejaa mabango ya sherehe zilizopita. Marehemu hakugombana. Alianza kwenda na kazi yake ya mkono, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, Chiriku pembeni, akapiga vifungo. Alikwenda hivyo karibu kila asubuhi, mpaka siku mwalimu mkuu alipotoka jasho likimtiririka.

"Mama, kesho mkaguzi anakuja. Tafadhali, usikae hapa."

"Nikae wapi, mwalimu?"

"Popote! Popote pale, mradi si hapa."

"Basi nipe stoo."

Alipewa. Mabango yalitoka siku hiyohiyo, na mkaguzi alipofika aliambiwa kwamba shule ina kitengo, wazo la mwalimu mkuu. Alipongezwa. Mpaka leo huwa anapongezwa, na naona ameitikia kwa kichwa. Kitengo kilianza na watoto watatu, sasa kina kumi na mmoja, na yule mwalimu wa Jiografia ndiye anayewafundisha. Chiriku alijifunza pale kuandika, kuhesabu, kusubiri zamu yake, na kumwambia mtu akimchosha, "Nimechoka na wewe." Marehemu alifurahi sana kwa sentensi hiyo. Mimi naitamani.

Novemba 2023 alianza kuvimba miguu. Hospitali ya mkoa iligundua figo zimeshindwa kazi, akaanza kusafishwa damu. Aliomba zamu ya alfajiri ili awahi kumchukua mwanawe kitengo kikifungwa, na wauguzi walimkubalia. Kwao, peke yao katika hadithi hii yote, nasema asante bila kejeli. Mwezi wa pili mwaka huu alilazwa. Aliniambia, "Wifi, Chiriku asikose shule." Nikamwambia hatakosa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alasiri, nami nimemshika mkono.

Jana jioni ukoo ulikaa kikao. Baba Mkubwa aliamua kwamba mtoto atapelekwa kwake, akae nyumbani apumzike, na chumba cha ushonaji kikodishwe. Apumzike na nini, ana miaka kumi na mitatu? Baba yake mzazi alipoulizwa alisema hana neno. Ni kweli, hajawahi kuwa nalo. Walitoa na sababu: mtoto hana habari, hakulia hata chozi, hajui kwamba mama yake amekufa.

Ngojeni niwaambie. Alhamisi asubuhi, nyumba imejaa watu, Chiriku alivaa sare akasimama mlangoni. Baba Mkubwa akasema, "Mrudishe ndani, ni aibu, watu watatuonaje?" Mimi nilimshika mkono tukaenda. Mwalimu wake alitufungulia. Chiriku aliingia, akakaa kwenye kiti chake, akapanga kalamu zake, akamwambia mwalimu, "Mama amekufa." Kisha akalia. Alilia mpaka saa ya mapumziko, na watoto wenzake kumi walinyamaza wote, hata yule ambaye huwa hanyamazi. Kwa nini alie kwenu, watu mliokuwa mkimcheka?

Marehemu ameacha mama mzazi, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha mume, kwa mujibu wa cheti. Ameacha wifi mmoja. Ameacha binti mmoja, ambaye tangu juzi analala kwangu, na Jumatatu saa mbili kamili atakuwa darasani. Mwenye pingamizi asimame sasa, jeneza likiwa hapa, aniambie atampeleka shule gani.

Naona mmekaa.

Mungu ampe wifi yangu pumziko tulilomnyima sisi.