Magunia Arobaini na Pua Moja

Uongozi na wafanyakazi wa kiwanda chetu cha kukoboa kahawa hapa Mbale wanasikitika kuutangazia umma, na hasa majirani wenye maduka ng'ambo ya barabara, kwamba baada ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2016, hautasikika tena ule mlio wa kahawa ikivutwa kutoka kijikoni kwa nguvu za mapafu yote. Mama wa duka la vitenge, ambaye kwa miaka mingi ameutumia mlio huo kujua kwamba saa nne imefika, anashauriwa anunue saa.

Mwenye mlio, Mzee Zubairi Waiswa wa chumba cha kuonjea, anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi.

Siku hiyo hiyo, kama mlivyosoma kwenye ubao wa matangazo, chumba kipya cha kuonjea kitafunguliwa na kupewa jina la mtu aliyeiokoa kahawa ya mwaka 1986. Mtu huyo, kwa mujibu wa tangazo, ni mimi, Bogere. Nimepewa pia kazi ya kuandika wasifu huu, kwanza kwa sababu nimefanya kazi na Mzee Zubairi miaka thelathini, na pili kwa sababu mhariri wa jarida letu la kiwanda anaamini mtu mwenye diploma hawezi kuandika upuuzi. Mtajionea.

Zubairi alizaliwa Masese, Jinja, mwaka 1956, pacha wa kwanza, ndiyo maana akaitwa Waiswa. Kwetu Busoga husemwa kwamba mapacha huja na baraka zao. Dada yake Nakato, ambaye yuko Masese hadi leo, husema za kwake zililiwa tumboni na mwenzake. Shule Zubairi aliiacha darasa la tatu, akaenda kumsaidia bibi yake kuuza samaki wa moshi.

Kazini aliingia kwa njia ambayo mimi, mtu wa vyeti, sijawahi kuisamehe. Ilikuwa Septemba 1979, vita vimekwisha miezi michache tu. Lori la samaki alilopanda kutoka Jinja kwenda Soroti liliishiwa dizeli mbele ya lango letu. Zubairi akashuka, akaingia kuomba maji ya kunywa. Ndani akamkuta Mzee Gaster Masaba, meneja wa wakati huo, peke yake na mlinzi na mlima wa magunia. Wapagazi wote walikuwa wamekimbilia mlimani wakati wa mapigano, na walikuwa bado hawajaamini kwamba kumetulia.

“Wewe kijana, nguvu iko?”

“Iko, bwana.”

“Basi beba.”

Zubairi alidhani hiyo ndiyo bei ya maji. Akabeba gunia la kwanza, likafuata la pili, na jioni alipotoka nje lori lilikuwa limepata dizeli na kwenda zake na samaki. Maji yenyewe, anasema, alipewa siku ya pili.

Mimi nilifika mwaka 1986, kijana wa Nalufenya, huko huko Jinja, diploma ya kilimo ikiwa ndani ya bahasha mbili mvua isiipate. Zubairi ndiye aliyenifundisha hiki Kiswahili mnachokisoma. Kwetu, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Ukikisikia, unaingia chini ya kitanda. Yeye alinionyesha kwamba kinaweza pia kutumika kuomba chumvi.

Na kila siku saa nne, chai ikiletwa, tulikuwa na mjadala mmoja tu: mtu hufanikiwa kwa shule au kwa bahati? Mimi nilishika upande wa shule. Ningefanyaje, na diploma iko ukutani inanisikiliza? Zubairi alishika bahati.

“Msomi,” ndivyo anavyoniita, “wewe ulisoma miaka kumi na mitano ndipo ukafika hapa. Mimi nilishikwa na kiu, nikafika hapa. Nani alifika kwa nauli ndogo?”

“Lakini mimi nimekalia kiti cha ofisini, chenye magurudumu.”

“Ndiyo maana huishi kuteleza.”

Hadithi ya magunia arobaini mnaijua. Imo katika kitabu cha historia ya kiwanda, ukurasa wa kumi na moja. Mei 1986, serikali mpya ina miezi minne, barabara ndiyo kwanza zinafunguka, nasi tuna magunia mia tatu ghalani. Mnunuzi wa kwanza tangu vita, Bwana Nicanor kutoka Kenya, anakuja kupitia mpaka wa Malaba kuionja kahawa. Akiipenda, mashine zitawashwa. Akiikataa, Mzee Masaba amekwisha kutuambia kila mtu arudi kwao. Kijana Bogere, mwenye miezi mitatu kazini, anagundua kwamba magunia arobaini yameingiwa na harufu ya dizeli, anayatenga. Nicanor ananunua mia mbili na sitini yaliyobaki. Kiwanda kinapona, na Bogere anafanywa mwonjaji mkuu akiwa na miaka ishirini na mitatu. Shule imeshinda! Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema, na ndiyo sababu ya jina langu kupelekwa mlangoni.

Mwaka huo huo Zubairi alitolewa ghalani. Huko alikuwa mtu wa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili kutoa punje za kupima. Akaletwa chumba cha kuonjea kuwa msaidizi wangu. Watu walishangaa: mpagazi wa darasa la tatu kwenye meza ya vikombe! Wakasema ni bahati ya mapacha.

Huyo msaidizi alikuwa na pua ambayo familia yake imeivumilia kwa subira. Mkewe, Bi Rehemah, hajawahi kufanikiwa kuficha hata andazi. Isa, dereva wetu, alirudi kazini siku moja baada ya siku mbili za malaria. Zubairi akapita karibu yake, akasimama, akarudi hatua moja. “Pole sana, Isa. Malaria hii imechomwa kwa mkaa, tena imekamuliwa ndimu.” Isa amekuwa na afya nzuri tangu siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani Zubairi haonji kahawa, ananusa tu, na matokeo yake hulingana na yangu. Nimesema hulingana. Ukweli ni kwamba mimi husubiri yake kwanza.

Mwaka 1998 tulipelekwa semina ya waonjaji huko Jinja, kwenye hoteli moja ya ukingoni mwa Nile. Mkufunzi akatupangia vikombe ishirini, kila mtu ataje alichokikuta. Mimi niliandika maneno niliyoyakariri, matunda ya Ulaya ambayo sijawahi kuyaona hata kwenye kopo. Zubairi alisema, nami nikamwandikia: “Hiki kina harufu ya bati la paa kule kijijini Wanyange baada ya mvua ya kwanza. Hiki, gunia lake lililala karibu na vitunguu. Hiki ni kahawa ya watu wawili, wamechanganya.” Bahasha ya majibu ilipofunguliwa, yeye alikuwa na kumi na tisa, wa kwanza katika semina nzima. Mimi nilikuwa na kumi na moja. Lakini fomu ya vyeti ilitaka namba ya mtihani wa sekondari, naye hakuwa nayo. Basi mimi nikapewa cheti, yeye akapewa fulana.

“Unaona?” aliniambia kwenye basi. “Wewe umepata cha kutundika, mimi nimepata cha kuvaa. Bahati hiyo.”

Nilicheka sana. Heri ningenyamaza.

Sasa, kwa kuwa nimepewa kurasa hizi, niseme yaliyotokea mwaka 1986.

Nilikuwa na mafua. Si mafua ya kuambiwa pole. Pua ilikuwa imezibwa kama chupa. Nilikuwa nimetafuna tangawizi na kitunguu saumu tangu alfajiri, na ungenipa dizeli yenyewe kikombeni ningeuliza sukari iko wapi. Zubairi akaja na vikopo vyake vya sampuli, midomo mikavu, kwani Ramadhani ilikuwa imeanza naye amefunga. Akavipanga sakafuni makundi mawili.

“Msomi, hivi visifike mezani. Vina dizeli.”

Nikamwambia nimepima unyevu, nimepima ukubwa wa punje, nimeangalia rangi, yote kama yalivyoandikwa kitabuni.

“Kitabu kina pua?”

Nikamuuliza yeye amejuaje. Ndipo akanisimulia. Bibi yake, Nulu, alinunua samaki pwani ya Masese kila alfajiri. Makapu mengine yalikuwa yamesafiri ziwani karibu na injini ya boti, na mafuta hayaonekani kwenye samaki wa moshi. Mteja huyagundua akishapika, halafu anarudi na ukoo mzima. Basi tangu Zubairi ana miaka tisa, bibi alimfunga macho kwa kitambaa na kumpitishia makapu. Huyu kakaushwa kwa mti gani? Ana siku ngapi? Alikaa upande gani wa boti? Samaki aliyemkosea ndiye aliyekuwa chakula chake cha mchana.

“Mwaka wa kwanza nilikula dizeli,” alisema. “Mwaka wa pili, mara tatu. Baada ya hapo sikula tena.”

Miaka kumi na minne, mtihani kila siku, bila likizo. Mimi mtihani wangu ulikuwa mara moja kwa mwaka, tena nikichungulia kwa jirani.

Nikayatenga magunia arobaini. Msidhani nilimwamini. Nilitaka aondoke nikapenge kamasi.

Nicanor alikuja, akaonja, akaridhika, kisha akauliza yale ya pembeni yana nini. Kikopo kimoja kikakaangwa, kikasagwa, kikamwagiwa maji ya moto. Akavuta kijiko kimoja na kutema kwa kasi kubwa hivi kwamba kahawa iliruka ndoo na kutua kwenye kiatu cha Mzee Masaba.

“Dizeli! Nani alitenga hizi?”

Mzee Masaba, huku akifuta kiatu, akaninyooshea kidole, kwa kuwa mimi ndiye niliyevaa koti jeupe. Nikainamisha kichwa. Wote wakaona unyenyekevu wa msomi, kumbe natafuta leso. Nilipokiinua, Zubairi alikuwa mlangoni na bambo lake mkononi, ananitazama. Sikusema kitu.

Baadaye nilimuuliza kwa nini naye hakusema.

“Ghalani mlikuwa na mapipa ya dizeli ya wanajeshi walioondoka,” akajibu. “Nani aliyapanga kati ya magunia? Sisi wapagazi, mtutu uko mgongoni. Leo nikisema naijua harufu ile, kesho afande mwingine ataniuliza najua nini kingine. Wewe mgeni, hukuwepo. Ichukue, bahati yako hiyo.”

Ilikuwa sababu nzuri kwa mwezi ule. Haikuwa sababu ya miaka thelathini iliyofuata. Hiyo ni yangu peke yangu. Mwaka 1994 nilipandishwa kuwa mkuu wa idara, na nafasi ya mwonjaji mkuu ikabaki wazi. Sentensi moja kutoka kwangu ingetosha. Fomu ilikuwa na kisanduku cha elimu. Nikaandika: “Hana.” Kwa mwandiko mzuri. Akaletwa mwenye diploma, na baada yake mwingine, na mwingine, na wote watatu walifundishwa kazi na Zubairi.

Kwa hiyo ule mjadala wetu wa chai tuliukosea wote wawili, kila mmoja akitetea upande wa mwenzake. Mwenye shule alikuwa yeye. Mwenye bahati ni mimi.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja wetu, Bi Nasimiyu, nikamweleza haya yote na kumwomba abadilishe jina la mlangoni. Alilalamika kwamba kibao kimekwisha kuchorwa, halafu akampigia simu fundi. Fundi akasema Bogere ni herufi sita na Zubairi ni saba, ataibana, itaingia. Kisha Bi Nasimiyu akaniuliza kama mwenyewe anajua ninachoandika.

Nilikwenda kumsomea jana, barazani kwake. Kwenye kiatu cha Mzee Masaba alicheka mpaka Bi Rehemah akatoka jikoni. Kwenye kisanduku cha elimu hakucheka. Hilo la fomu alikuwa halijui. Miaka yote alidhani nafasi ile ilitoka juu imejazwa. Akaniomba nimsomee tena sehemu hiyo. Nikamsomea. Akaninawisha mikono tule, na sahani zilipotolewa ndipo akasema, “Liache hivyo hivyo, Msomi. Lisomwe.”

Limesomwa, Mzee Zubairi. Idara nzima inakushukuru kwa miaka thelathini na saba, na mimi nakuomba radhi kwa thelathini kati ya hiyo. Nenda salama Masese, wewe na Bi Rehemah. Mungu akujalie afya, umri mrefu, na samaki ambaye hajawahi kukaa karibu na injini.