Fundi Lorenz Habicht na Ufa wa Mahakama ya Tannersburg

Ndugu waombolezaji, marehemu baba mkwe wangu, Lorenz Habicht, alizaliwa tarehe 9 Machi 1846 karibu na Kaiserslautern, akasoma hadi miaka kumi na mitatu, kisha akafundishwa uashi na mjomba wake, na mwaka 1868 akahamia hapa Ohio, ambako tarehe 6 Mei 1873 alifunga ndoa na Walburga Ries, wakajaliwa watoto watano, wawili wakachukuliwa na dondakoo mwaka 1881.

Mwaka 1887 alifanywa msimamizi wa waashi waliojenga mahakama yetu, ile ya kuta nene na matao ya mviringo. Asubuhi ya tarehe 11 Oktoba 1889, siku moja kabla ya ufunguzi, aliona ufa kwenye nguzo ya chini ya mnara, akamwambia mkandarasi, Bwana Threlkeld, naye akajibu kwamba ni chokaa tu inakauka. Marehemu akabandika kipande cha karatasi juu ya ufa, na kufika adhuhuri karatasi ilikuwa imechanika, ishara kwamba ufa unapanuka, basi akafunga mlango mkubwa, akatia ufunguo mfukoni, akaketi ngazini.

Mkandarasi alirudi na sherifu, mkuu wa usalama wa wilaya, akaamuru mlango ufunguliwe. Marehemu akasema, “Nitamfungulia atakayekaa chini ya mnara huu na mkewe na watoto wake.”

Alitiwa ndani, na ufunguo akanyang'anywa. Kesho yake, saa tisa alasiri, akiwa mahabusu alisikia ngurumo, kuta zikatikisika, naye hakujua kama watu walikuwa ukumbini, akang'ang'ania nondo za dirisha karibu nusu saa, hadi mkewe, Mama Walburga, alipofika, vumbi limemjaa nyweleni, akamwambia, “Mnara umeanguka, lakini sherifu alikumbuka maneno yako, akawakalisha wote uwanjani. Hakuna aliyekuwa ndani.”

Yeye ndiye aliyeombwa kuujenga upya mnara huo, akaukamilisha tarehe 30 Agosti 1891.

Tangu 1902 vumbi la mawe lilimshika kifua, na tarehe 2 Februari 1904, saa moja asubuhi, alifariki nyumbani, akiwa na miaka hamsini na saba.

Familia inamshukuru Daktari Oberlin, majirani waliotuletea kuni na mikate, waashi wenzake waliochonga jiwe la kaburi bila kuombwa, na sherifu yule wa siku ile, sasa mstaafu, Bwana Pruitt, aliyeomba awe miongoni mwa wabebaji wa jeneza. Baba mkwe, pumzika, kazi yako imesimama.