Puli ya Mluzi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya. Wakuu wa idara. Madereva mlioegesha skuta zenu ili mtusikilize. Ndugu zetu wote mliofika:

Karibu chumba cha gia

Sisi mafundi tunakukaribisha kwa mikono miwili, japo hii yetu haitakati hata kwa sabuni ya unga. Wageni wengi huishia ofisini, wakanywa soda, wakaondoka. Wewe umekuja mpaka penye grisi. Ahsante sana.

Tulikotoka

Kazi hii ilianza vipuri vipya vilipoadimika. Skuta zililala uani kama wagonjwa, na vifurushi vya watu vikarundikana mlangoni. Mkerezaji wetu, Mama Mluzi, akaokota puli moja kwenye pipa la takataka, akaigeuzageuza, akasema, "Jamani, hii haijafa. Imelika tu."

Tangu siku hiyo hatutupi ovyo. Puli iliyochimbwa mifereji na mkanda tunaisawazisha uso kwenye mashine. Tundu lililolegea tunalitia bushi mpya ya kulibana. Bakuli la klachi lililopinda tunalikereza hadi lirudi kuwa duara.

Mafanikio

Hakuna skuta ya kampuni hii inayotembea leo bila kipuri kilichopita mikononi mwetu. Hayo yanatosha.

Changamoto

Mgeni rasmi, hapa tulitaka kulalamikia feni na glavu. Tumekubaliana tuseme jambo jingine. Mama Mluzi ameketi mstari wa mbele, mwenye kitambaa cheusi, na ameridhia lisomwe.

Mluzi alikuwa mwanawe wa pekee, na dereva wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu hakukaribia mahali bila kupiga mluzi: mmoja mfupi, kisha mrefu unaopanda mwishoni. Kila jioni, mama yake akishatoka kazini, alipita nyumbani kwao, akala wima pale getini, kofia ngumu kichwani, akaendelea na vifurushi vyake.

Lori lilimgonga mteremkoni. Skuta ililetwa kwetu imepondeka, isipokuwa puli ya mbele, ile inayobana mkanda mwendo ukiongezeka. Hiyo ilikuwa imelika tu. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Mama yake ndiye aliyeichukua.

"Acha, mama, tutatafuta nyingine," tulimwambia.

"Nyingine iko wapi? Nipisheni."

Aliikereza bila kuinua uso. Alipomaliza aliiweka sikioni. Hatukumuuliza anasikiliza nini. Tukaifunga kwenye skuta ya dada mmoja tunayemwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kwenda taratibu maishani mwake.

Haikupita wiki, Taratibu akaingia hapa uso umemshuka.

"Nani kaweka filimbi humu ndani?"

"Filimbi gani?"

"Inapiga mluzi. Halafu kuna geti moja la bluu, nikifika pale skuta haivuti. Injini inanguruma, nimekaza mafuta mpaka mwisho, imeganda. Baadaye inajiachia yenyewe, kama mtu aliyeshiba."

Geti la bluu tulilijua. Hatukumwambia ni la nani. Tulibadilisha mkanda, springi, kila kitu isipokuwa puli. Mluzi ukabaki. Tukaihamishia puli kwa dereva mgeni kabisa aliyepangiwa njia ileile, asiyejua habari hizi wala mtaa ule. Akarudi na maneno yaleyale, akaongeza kwamba aliposimama pale alihisi mtu amemshika bega kwa nyuma. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Tukairudisha kwa Taratibu. Mama hatukumwambia, tukidhani tunamsitiri.

Kisha likaja agizo lako, mgeni rasmi: vipuri vyote vilivyokarabatiwa ving'olewe, viwekwe vipya, vya zamani vipelekwe kuyeyushwa. Tulitii. Tukaanza na ile puli, tukailaza juu ya benchi.

Kesho yake Mama Mluzi aliingia macho yamevimba. Hakusalimu mtu. Alisimama katikati ya chumba akauliza:

"Jana hakupita. Mmemfanya nini?"

Ndipo tulipojua kwamba yeye alijua siku zote. Kila jioni alikuwa nyuma ya geti lile, akisikiliza mpaka mluzi uondoke. Hakuwahi kulifungua. Alituambia aliogopa kuona dereva mwingine.

Alipotamka hayo, ile puli ikazunguka pale ilipolala. Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa dirishani, mashine zimezimwa, hakuna mkono uliokuwa karibu. Ilizunguka polepole na kusimama. Sote tuliona. Mmoja wetu alitoka nje na mpaka leo hajarudi kazini.

Tuliirudisha kwenye skuta kabla ya jioni. Tumevunja agizo lako, na tunalisema mbele yako.

Maombi

Feni na glavu zitasubiri. Tunaomba puli hii moja isiende tanuruni. Taratibu amekubali kuendelea nayo. Anasema, "Simwogopi tena. Ananichelewesha kidogo tu, kama kaka."

Hatuombi ibaki milele. Tulimuuliza Mama Mluzi tufanye nini itakapolika tena, kwani italika. Mkanda hauna huruma na chuma. Tulidhani atasema ataikereza upya. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akasema:

"Hapana. Nilimrudisha mara moja kwa sababu nilikuwa sijamuaga. Safari hii aende mpaka alike mwenyewe, aache kupita. Siku nitakayosikia kimya, nitafungua geti."

Mwenyezi Mungu akujalie afya na moyo mwepesi wa kusikia, awafikishe salama wote unaowasubiri nyumbani.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Gia