Mama Pumua na Neno la Kukataa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, waheshimiwa madaktari, viongozi wetu wa dini, wauguzi mliotuvumilia, ndugu wageni waalikwa, ninyi mnaotibiwa na ninyi mliowashika mkono mpaka hapa, na zaidi ya wote wewe mama yetu unayestaafu leo: nawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu ulimi na akamwachia achague la kusema.

Mimi si msemaji. Shule niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kupiga msasa na vanishi kwenye karakana ya samani ya mume wangu, huyo aliyeketi mstari wa pili na shati la mistari, ambaye wateja wote humwita Fundi. Nilipoombwa kusema machache kwa niaba ya familia, niliuliza kama hakuna mwenye elimu zaidi yangu. Nikaambiwa wamejaa tele, ila hawajui yaliyotokea sebuleni kwenu. Basi nitasema ya sebuleni, mniwie radhi.

Fundi alipatwa na kiharusi akiwa anaranda mguu wa meza. Baada ya matibabu mguu wake ulirudi, mkono ukarudi nusu, maneno hayakurudi kabisa. Na akili ilikuwa timamu! Chai ikipoa aliisukuma pembeni, ukimchekesha alicheka, ukipigilia msumari vibaya alikunja uso kama zamani. Lakini akifungua mdomo ilitoka pumzi tu.

Siku ya kuruhusiwa kutoka wodini tulipewa karatasi ya maelekezo. Mheshimiwa Mkurugenzi, nalisema hili kwa heshima: ile karatasi ilikuwa ngumu kuliko ugonjwa. Iliandikwa, "Familia imwezeshe mgonjwa kurejesha msamiati wa msingi kwa kadiri ya ustahimilivu wake." Tukaisoma kwa kupokezana. Ustahimilivu ulitushinda, tukauacha. Msamiati wa msingi tukaujadili. Wifi yangu, ambaye nyumbani kwetu hapingwi na mtu, akasema, "Msingi wa mtu ni adabu. Aanze na ndiyo, asante, samahani, karibu. Wageni watakuja kumwona, atawakodolea macho tu?" Mama mkwe naye akaongeza, "Na Mungu ni mwema. Hilo asilikose."

Ndugu zangu, nani angeona kosa hapo? Tukamfundisha kwa bidii, asubuhi na jioni, huyu akimwachia yule. Siku aliyotamka "asante" tulilia wote, na jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Sasa Fundi ana kaka yake, Kaka Mkubwa, yule pale anayejificha nyuma ya mkewe. Ameniruhusu nimtaje, kwa sharti niseme kwamba alikuja kwa nia njema. Na kweli alikuja kwa nia njema. Aliketi mbele ya mdogo wake akamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, kazi ya mbao huiwezi tena. Tuifunge karakana, mashine nimwachie rafiki yangu mwenye kiwanda, wewe na shemeji mje mkae kwangu mpumzike. Unaonaje?"

Fundi akajibu, "Ndiyo." Akapumua, akamalizia, "Asante."

Kila mtu akafurahi. Wifi akasema, "Mnaona? Amekubali mwenyewe, kwa mdomo wake." Ila mimi nilikuwa upande ule wa mkono wake mzima. Nilikiona kidole gumba kilivyokuwa kikikandamiza mbao ya kiti, kucha imekuwa nyeupe.

Kesho yake ilikuwa zamu yetu kuja hapa kwa mama huyu, anayewafundisha wagonjwa kusema upya. Mnaojua chumba chake mnakijua: meza karibu na dirisha, kioo cha kujitazamia midomo, viti visivyofanana. Ukiingia na haraka zako neno la kwanza ni "Pumua." Ukitaka kueleza, "Pumua kwanza." Ndiyo maana tukampachika jina la Mama Pumua, na nadhani leo ndiyo siku ya kwanza analisikia kwenye kipaza sauti.

Nikampa habari za Kaka Mkubwa. Hakuandika chochote. Akaniuliza, "Ana maneno gani mpaka sasa?" Nikamtajia yote. Akauliza, "Na la kukataa?"

Mama mkwe, tuliyekuwa naye, akaniwahi kujibu, "Mwanangu hajalelewa kuwakatalia wakubwa."

Mama Pumua akacheka taratibu, akamshika mkono. "Mama, hata mimi nisingependa anikatalie. Lakini mtu aliyepewa neno moja la kujibu, hilo jibu ni la nani? Ni lake, au ni la aliyempa neno?"

Waheshimiwa, nimesikiliza mawaidha mengi katika maisha yangu, na namshukuru Mungu kwa yote. Swali lile liliniingia kuliko mengi. Tulidhani tumempa mume wangu sauti. Kumbe tulimjengea chumba kizuri, tukasahau kuweka mlango.

Hapo mama huyu akavuta kiti, wakatazamana na Fundi uso kwa uso. Akamtajia maneno polepole, moja baada ya jingine: hapana, sitaki, usiguse, ngoja, bado. "Lipi lako?" Kwa "hapana" Fundi alitulia. Kwa "sitaki" akatikisa kichwa. Kwa "bado" akapiga meza kwa kiganja mpaka kioo kikayumba.

Tulipokuwa tunatoka nikamuuliza Mama Pumua kwa nini Fundi asichukue "sitaki", lenye nguvu zaidi. Akaniambia, "Hilo angemwambia adui. Yule ni kaka yake, na mume wako analijua hilo kuliko sisi wawili. Muda wote huo alikuwa anachagua maneno, mama. Mdomo tu ndio haukumfuata." Kisha akaichukua ile karatasi ngumu, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: Asemeshwe neno lake mpaka achoke. Akichoka, mwacheni. Hata mama mkwe, ambaye miwani yake ilivunjika zamani, aliyasoma maneno hayo mwenyewe.

Jumamosi Kaka Mkubwa alikuja na lori na wapakiaji. Fundi alikuwa hajaweza. Wiki nzima midomo ilifumba vizuri, kisha neno likakwama, na mimi sikutaka tena kumsemea. Nilisimama kwenye vumbi la mbao nikiomba kimoyomoyo, kwa sababu mashine ikishapanda lori hurudi kwa maneno mengi sana, na sisi hata moja la kukataa tulikuwa hatujalipata. Wapakiaji wakaanza kuisukuma mashine ya randa. Fundi akainuka. Wifi akasema, "Kaa chini, utaanguka." Hakukaa. Akaweka mkono juu ya mashine, akafumba midomo, akapumua.

"Bado."

Kaka Mkubwa akageuka. "Bado nini, mdogo wangu? Si ulisema ndiyo?"

"Bado."

Nikamwambia, "Shemeji, 'ndiyo' ndilo neno tulilompa. Hili amelichagua mwenyewe."

Yule mwanamume mzima akaketi juu ya rundo la mbao. Kisha akawaambia wapakiaji, "Rudisheni mlipoitoa." Na mimi, jamani, nikakaa papo hapo sakafuni, nikacheka na kulia kwa pamoja. Ule mzigo ulivyonitoka siwezi kuueleza hata leo, pamoja na maneno yote niliyonayo.

Ndugu wageni, sasa Fundi ana maneno mengi. Hayajatimia, mengine yanachelewa njiani, lakini karakana iko wazi na mafundi wanamsikiliza. Wiki hii tumebishana kuhusu rangi ya vanishi ya kabati la mteja. Mimi nilitaka iliyokoza, yeye akasema, "Hapana. Itaficha mbao." Nikashindwa. Nilienda uani peke yangu kumshukuru Mungu kwa kushindwa na mume wangu.

Mama Pumua, hatukukuletea zawadi kubwa. Tumekuletea shukrani ya nyumba ambayo watu wake wanabishana tena. Mwenyezi Mungu akupe mapumziko mema, na vijana unaowaachia chumba kile awape masikio yako.

Namaliza. Fundi ananitazama, na kwa kuwa siku hizi anaweza kunikatiza, ni heri nikae kabla hajafungua mdomo. Kwa subira yenu na masikio yenu, asanteni sana kwa kunisikiliza.