Mama Vidole na Kifuniko Kilichowashinda Wakubwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkuu wa chumba namba sita cha kliniki yetu atavua koti lake jeupe na kulikabidhi stoo, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Cheo chake kimeandikwa mlangoni, lakini hakuna anayekitumia. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, sote tunamwita Mama Vidole. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nina hasira, na nisipoisema hapa sitaisema tena.

Aliajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na minane, kazi yake kufunga vidonda. Baada ya miaka sita akahamishiwa kitengo cha kujaribu dawa za maungio ya vidole, ule ugonjwa unaosaga viungo vya mkono taratibu hadi vidole vinaota vinundu na kidole gumba kinagoma. Amesimamia majaribio tisa. Katika kila jaribio washiriki hupewa vidonge, wengine vyenye dawa na wengine unga mtupu, na hata yeye hakuruhusiwa kujua nani anapata nini. Alipima nguvu za kiganja, akapapasa kila kiungo, akauliza maumivu ni ngapi kati ya kumi. Akiambiwa tatu na mtu aliyeshindwa kufunga vifungo vya shati, aliandika tatu kama kanuni inavyotaka, kisha akamfunga vifungo huku akimsema.

Mlangoni kwake alibandika karatasi: "Hapa tunasalimiana kwa mdomo." Chanzo chake ni mkurugenzi mmoja wa zamani aliyeubana mkono wa mgonjwa kwa furaha mpaka bibi wa watu akatokwa machozi. Mama Vidole alimtoa nje mkurugenzi na kumfungia mlango. Kwenye harusi ya mhasibu wetu, alishika mkono wa shangazi wa bwana harusi, akaubinyabinya, akamwambia aje kliniki Jumatatu. Shangazi alikuja, tena na keki. Mume wa Mama Vidole anasema nyumbani kwao hakuna mgeni anayekula kabla hajakaguliwa vidole.

Basi. Sasa niseme lililonikaa kooni.

Jaribio lake la mwisho lilianza miaka miwili iliyopita, likiwa na washiriki mia mbili na kumi. Vidonge vililetwa katika chupa zenye kifuniko cha kuzuia watoto, kile unachokikandamiza kwa nguvu huku unakizungusha. Mshiriki mdogo kuliko wote alikuwa na miaka hamsini na minne. Watu wazima na akili zao, wenye vyeti ukutani, walikaa mezani wakaagiza chupa zisizofunguka kwa vidole vibovu ili wapime dawa ya vidole vibovu. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nami sikushtuka.

Kila mwezi washiriki walirudisha chupa ili vidonge vilivyobaki vihesabiwe. Fundi cherehani mmoja, aliyefiwa na mke na anayeishi peke yake, alirudisha chupa ikiwa imejaa. Akaandikiwa onyo. Mwezi uliofuata ikarudi imejaa vilevile, akaondolewa kwenye jaribio, na katika jalada lake likaandikwa neno "mkaidi". Wengine kumi na watatu wakamfuata. Neno hilo nililiandika mimi, karani wa kumbukumbu, mara kumi na nne, kwa mkono wangu huu mzima. Fundi aliona aibu. Mtu aliyetunga uzi kwenye sindano miaka arobaini angeanzia wapi kusema kwamba ameshindwa na kifuniko?

Ni Mama Vidole aliyeiinua ile chupa dirishani akaona alama za meno. Alifungua kabati akatoa chupa za wote walioondolewa. Kumi na moja zilikuwa zimetafunwa, moja imechanjwa kwa kisu, na mbili hazikuwa na alama yoyote, wenyewe walishakata tamaa mapema. Akazitia zote kwenye beseni, akaingia nalo kwenye mkutano wa watafiti bila kubisha hodi. Akawafunga wakubwa kidole gumba kwenye kiganja kwa plasta, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu kukataa. Kisha akawaomba wafungue chupa. Mtafiti mkuu alihangaika dakika nne, jasho likamtoka, na mwisho akaipeleka chupa mdomoni. Watu wakacheka. Naye akacheka, halafu akasema takwimu zilishafungwa, hazibadilishwi tena.

Ripoti ikatoka. Inasema dawa inasaidia kiasi, na kwamba baadhi ya washiriki walikosa nidhamu. Haisemi kwamba walioondolewa ndio waliokuwa na mikono mibaya kuliko wote, kwa hiyo mpaka leo hatujui kama dawa hiyo inawafaa wale wanaoihitaji zaidi. Mama Vidole aliandika barua saba akidai mambo mawili tu: kosa lile lisahihishwe kwenye majalada, na wale kumi na wanne waitwe upya wapewe chupa za kawaida. Mara saba alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Wakati huohuo jaribio jipya limeagiziwa vifuniko laini, kimyakimya, bila maelezo. Kumbe wanajua. Amepigwa danadana mpaka tarehe ya kustaafu imefika, na naamini ndiyo waliyokuwa wakiingojea.

Mkurugenzi hakutaka kukipitia kijitabu hiki cha sherehe, alisema pongezi hazina haja ya kukaguliwa. Basi atasoma pamoja nanyi. Jumatatu niliambatisha kwenye majalada yote kumi na manne maelezo yenye jina langu na saini yangu: mshiriki hakukaidi, chupa haikufunguka, na kliniki ilijua. Wakitaka kunihamisha, vitu vyangu vinaenea kwenye boksi moja. Kuitwa upya kwa washiriki sina mamlaka nako. Anayo mkurugenzi, na leo amekaa mbele.

Fundi, wewe umekaa safu ya tatu kwa mwaliko wa Mama Vidole. Hukuwa mkaidi. Nilikuandika vibaya, na nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Mama Vidole, asante kwa kila mkono ulioushika. Mwaka huu umekuwa ukinipa kalamu nikuondolee kifuniko, ukijifanya una haraka. Niliona, nikanyamaza kwa sababu hukutaka kuulizwa. Tunakuombea siku nyingi za utulivu, na watu wa kukufungulia pasipo kukungoja uombe. Zawadi yako iko mezani. Utepe wake nimeshaulegeza, wewe vuta tu.