Nani Amshike Mtoto

Kivuko kilikuwa kimeshaondoka Lindi mjini kuelekea Kitunda, na mashemeji wawili mbele yangu walikuwa bado wanabishana kuhusu jando.

"Hussen, mtoto wa dada yangu nitamshika mimi, mjomba wake," alisema mkubwa wao, mzee Likwata. "Baba anakaa nyumbani, anasubiri."

"Kesho mwanangu akitahiriwa namshika mimi, shemeji."

"Ebo! Utazimia, tuache mtoto tukupepee wewe!"

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana Hussen hakucheka. "Siku yangu nililia nikimwita baba," alisema. "Wakaniambia yuko shambani, anapalilia mikorosho."

"Ndiyo desturi. Mjomba wako si alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Hakukushika?"

"Alinishika vizuri sana."

"Sasa ulikosa nini, bwana wee?"

"Sikumwita yeye, shemeji."

Likwata alisonya kwa nguvu hadi mama mmoja mwenye kuku akageuka. Kivuko kiligusa ng'ambo. "Haya, baba mtu," alifoka. "Na mimi kesho nikakae wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto ana mikono miwili, lakini lango lilishushwa, nao wakashuka, kila mmoja na upande wake.